Redio Iliyokaa Kama ya Kiwandani Ndani ya Hilux: Tathmini ya Kazi Niliyofanyiwa Nyakato, Mwanza

Nilipoamua kubadilisha redio ya Hilux yangu, dabo kebini ambayo kazi yake kubwa ni kubeba mizigo kati ya Mwanza, Magu, Sengerema na Geita, nilikuwa na sharti moja: chombo kipya kikae kwenye dashibodi kana kwamba kilitoka kiwandani pamoja na gari. Sikutaka tundu lililopanuliwa kwa msumeno, wala nyaya zinazoning'inia chini ya usukani, wala skrini inayotetemeka kila gari linapopita kwenye tuta. Kazi ilifanyika katika karakana moja ya umeme wa magari upande wa Nyakato. Nimeitumia redio hiyo wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwenye lami na kwenye vumbi, na nimeridhika nayo kwa kiasi kikubwa, ingawa nina malalamiko mawili ambayo nitayaeleza bila kuyapunguza. Kabla ya hapo inanibidi nieleze kwa nini niliiacha redio nyingine niliyoonyeshwa kwanza, kwa sababu wenye pikapu wengi huvutwa na redio ya aina hiyo na huilipia fedha nyingi.

Redio hiyo ya kwanza ilikuwa mali halisi ya Toyota, iliyovuliwa kwenye Tacoma, pikapu ya Toyota ya soko la Marekani. Kwa macho ni nzuri sana: vitufe vyake ni vizito, kirungu cha sauti kinazunguka kwa uthabiti, na plastiki yake haina ule mng'ao wa bei rahisi. Kwenye uso wake kuna kitufe kilichoandikwa SAT. Muuzaji aliniambia kwamba hiyo ni redio ya setilaiti, na kwamba itashika vituo hata nikiwa katikati ya ziwa juu ya kivuko, mahali ambapo redio nyingine hukoroma. Maelezo hayo si ya kweli kwa mtu anayeishi Mwanza. Kwa kuwa bei ya redio hiyo ilizidi ya zile za skrini zilizokuwa pembeni yake, ni haki mnunuzi aelewe sababu kabla ya kutoa fedha.

Huduma inayofunguliwa na kitufe hicho ni ya kampuni ya SiriusXM, iliyotokana na kuungana kwa kampuni mbili za Marekani mwezi Julai 2008: XM, iliyoanza kurusha matangazo Septemba 2001, na Sirius, iliyofuata mwaka 2002. Matangazo yake husafiri katika masafa ya MHz 2320 hadi 2345, na setilaiti zake ziliwekwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini pekee. Zile za XM zilisimamishwa juu ya ikweta kwenye nyuzi 85 na 115 za magharibi, na tatu za kwanza za Sirius zilipewa njia ndefu ya mviringo uliovutwa, ili zitumie muda mwingi zikiwa juu ya bara hilo. Mwanza iko karibu na nyuzi 33 za mashariki. Ukijumlisha nyuzi 85 na 33 unapata 118, zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia, kwa hiyo hata ile setilaiti ya XM iliyo karibu zaidi nasi imefichwa na mviringo wa dunia, chini kabisa ya upeo wa macho. Hakuna antena, hata ingesimikwa juu ya mlima, inayoweza kupokea wimbi ambalo dunia yenyewe imelikinga. Fundi wa Nyakato, ambaye nilimwonyesha picha ya redio hiyo kwenye simu, alinijibu kwa sentensi moja: «Mzee, ukiifunga hapa, kitufe hicho kitabaki pambo.»

Nasema hivi bila kuidharau teknolojia yenyewe. Huko kwao, kumwongezea mtu redio ya setilaiti kwenye pikapu kwa mtindo wa kiwandani ni kazi ya heshima. Fundi hufunga kisanduku kidogo cha kupokelea nyuma ya dashibodi, antena fupi yenye umbo la pezi la papa huwekwa juu ya paa la chuma, waya wake hupitishwa ndani ya nguzo ya kioo, na redio ya awali hubaki mahali pake ikiwa imepata chanzo kipya cha matangazo. Baada ya hapo mwenye gari hufungua chaneli namba 0, husoma namba ya utambulisho ya kifaa chake, huipeleka kwa kampuni, hulipia usajili, na chaneli hufunguka. Mtu anaweza kuendesha kutoka jimbo moja hadi jingine mchana kutwa bila kugusa redio. Ninaelewa kabisa kwa nini mwenye pikapu wa kwetu, anayepoteza kituo chake kila akipita nyuma ya mlima, akisikia habari hiyo anatamani na yeye aipate.

Na tamaa hiyo si ngeni katika bara hili. Afrika iliwahi kuwa na setilaiti yake ya redio kabla Wamarekani hawajaanza kusikiliza za kwao. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar tarehe 28 Oktoba 1998 na kuiweka kwenye nyuzi 21 za mashariki. Kwa sisi wa kando ya Ziwa Viktoria, hapo ni karibu na utosini. Mlima wowote wa Mwanza usingeweza kuizuia. Matangazo yalianza mwaka 1999, na vipokezi vyake vilitengenezwa na kampuni kama Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo. Vilikuwa vyombo vya kuweka mezani au dirishani, vyenye kibao kidogo cha antena ambacho ilibidi kielekezwe angani, hivyo havikuwa vya kufungwa ndani ya gari linalokata kona. Oktoba 2008 kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika mahakamani, na huduma ile haipo tena. Binafsi naona ni hasara kubwa, kwa maana wazo lilikuwa sahihi kwa jiografia yetu na aliyelianzisha aliifikiria Afrika kwanza. Lakini mteja wa leo hawezi kununua wazo. Akiambiwa kwamba redio fulani ya gari itashika setilaiti hapa Mwanza, aulize ni setilaiti ipi, inamilikiwa na nani, na usajili unalipwa wapi, kisha asikilize kama majibu yatakuja.

Huenda msomaji akasema: basi, tuache setilaiti, tuinunue redio ile ya Tacoma kwa ajili ya FM na ubora wake. Hapo ndipo penye tatizo ambalo halionekani dukani, nami naliona ni kubwa kuliko lile la kitufe. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hupanda kwa hatua ya MHz 0.2 na husimama kwenye namba zinazoishia na witiri tu: 87.9, 88.1, 88.3, hadi 107.9. Hapa kwetu vituo hugawiwa kwa hatua ya 0.1, kwa hiyo kituo kinaweza kuwa 96.3 na pia kinaweza kuwa 96.4. Kikiwa 96.4, redio ya Kimarekani itasimama 96.3 au 96.5, na utakachosikia ni sauti yenye mikwaruzo kana kwamba kituo kiko mbali, ilhali mnara wake unauona kwa macho. Mawimbi ya kati (AM) nayo yana kasoro kama hiyo, kwa kuwa Marekani hupanda kwa kHz 10 na Afrika kwa kHz 9. Baadhi ya redio zina njia ya kubadilisha eneo la matumizi ndani ya mipangilio yake. Ile niliyoonyeshwa haikuwa nayo, na muuzaji hakujua swali hilo linahusu nini.

Redio za Kijapani zinajulikana zaidi kwetu, kwa hiyo nitazigusa kwa kifupi. Magari yaliyotumika Japani huja na redio zilizopangwa kwa MHz 76 hadi 90, na mapya zaidi hufika 95, wakati vituo vyetu vimetapakaa kati ya 87.5 na 108. Mafundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa yanayoingia, ambacho wengi hukiita ekspanda. Kinafanya kazi, lakini namba zinazoonekana kwenye kioo si namba halisi za vituo, na kifaa cha bei ndogo huongeza kelele. Nilikitumia kwa muda mrefu kwenye gari la awali na sikuona sababu ya kukirudia.

Nilichochagua mwishowe ni redio ya skrini ya inchi 9 inayotumia mfumo wa Android, yenye fremu iliyotengenezwa mahususi kwa dashibodi ya toleo la Hilux yangu. Sitaji jina la kiwanda chake kwa sababu redio hizi hutoka China zikiwa na majina mengi juu ya mitambo inayofanana, na jina lililoandikwa kwenye boksi haliniambii mengi. Mambo yaliyonifanya niiamini ni matatu: fremu ilikaa bila mwanya nilipoiomba ijaribiwe kabla ya kulipa, soketi zake zilikuwa za Toyota moja kwa moja, na ndani ya mipangilio ya kiwandani kulikuwa na sehemu ya kuchagua eneo la redio. Fundi aliingia hapo, akaondoa Marekani iliyokuwa imewekwa, akachagua Ulaya, na vituo vyote vikakaa kwenye namba zake halisi. Naomba kila anayefunga redio ya aina hii asimame hapo hapo na kuhakikisha jambo hilo linafanyika, kwa kuwa nimekutana na madereva wanaolaumu antena miaka nenda miaka rudi kumbe ni mpangilio huo mmoja.

Kuhusu vipimo, Toyota nyingi zina nafasi ya redio yenye upana wa milimita 200 na kimo cha 100, wakati redio za kawaida za kimo maradufu (double DIN) zina upana wa karibu milimita 180. Tofauti hiyo ndiyo inayoacha yale mapengo ya pembeni ambayo mafundi wengine huyaziba kwa vipande vya plastiki au, vibaya zaidi, kwa gundi. Fremu inayolingana humaliza shida ya macho, lakini haimalizi shida ya mtikisiko. Redio ya kiwandani haishikwi na plastiki ya mbele. Inashikwa na vishikizo vya chuma pande zote mbili, vilivyofungwa kwa bolti kwenye mifupa ya dashibodi. Fundi wangu alivua vishikizo hivyo kutoka kwenye redio ya zamani na kuvihamishia kwenye mpya, kazi iliyomchukua muda kwa sababu matundu hayakulingana yote. Alikataa kuharakishwa, nami nilifurahi kuona hivyo. Leo nikiingia barabara za vumbi za Sengerema na Buchosa nikiwa na mzigo, dashibodi inanyamaza, na kwa pikapu ya kazi ukimya huo una thamani kubwa kuliko ukubwa wa skrini.

Sehemu ya umeme ndiyo iliyonionyesha kwamba niko mikononi mwa fundi anayejua. Hakukata waya hata mmoja wa gari. Toyota hutumia soketi mbili, moja ya pini kumi na nyingine ya pini sita, na nyaya zilizokuja na redio ziliingia humo moja kwa moja, hivyo siku nikitaka kurudisha redio ya awali nitachomoa na kuchomeka tu. Waya wa njano, unaopokea umeme wakati wote ili kutunza kumbukumbu, na ule mwekundu, unaopokea umeme ufunguo ukiwashwa, aliupima kila mmoja kwa mita kabla ya kuunganisha. Si jambo dogo. Wapo wanaoziunga nyaya hizo mbili pamoja ili redio iwake kwa haraka, na matokeo yake gari likilala siku chache betri inakuwa imekwisha. Baada ya kumaliza alizima gari, akasubiri redio ilale kabisa, kisha akapima umeme unaoendelea kuvuja kutoka kwenye betri. Mafundi wengi huona kwamba gari zima likiwa limezimwa lisinywe zaidi ya miliampea 50, na langu lilikuwa chini ya hapo. Mwenye Fuso asome aya hii kwa tahadhari, kwa kuwa gari hilo hutumia volti 24 na redio hizi ni za volti 12. Bila kipunguza umeme kinachofaa, redio itaungua siku hiyo hiyo.

Waya wa rangi ya chungwa uliunganishwa na taa za gari, na sasa nikiwasha taa usiku skrini inapungua mwanga yenyewe. Anayeendesha usiku kati ya Bunda na Magu, kwenye barabara yenye mifugo na baiskeli zisizo na taa, anajua kwamba skrini kali mbele ya macho ni hatari ya kweli.

Sasa nije kwenye antena, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi yote. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na Mwanza ni jiji la miamba na vilima. Ukishuka nyuma ya kilima, umeupa mnara mgongo. Hakuna redio ya gari inayoweza kubadilisha hali hiyo, lakini redio iliyofungwa vibaya huizidisha. Antena za magari mengi ya kisasa zina kikuza mawimbi kidogo ndani yake, na kikuza hicho kinahitaji umeme kutoka kwa redio kupitia waya wa buluu. Redio ya kiwandani huupeleka umeme huo bila mtu kujua. Redio mpya ikifungwa na waya huo ukaachwa ukielea, mwenye gari atasikia vituo vya mjini vizuri na vya mbali vitakufa, naye ataamini kwamba redio za Android hazina FM nzuri. Fundi wangu alitumia kiunganishi cha antena cha Toyota chenye waya wa kupeleka umeme, na tofauti niliisikia hapo hapo karakanani alipouchomoa na kuurudisha ili nielewe anachofanya. Sijawahi kuona fundi mwingine akimfundisha mteja kwa namna hiyo, na nampongeza.

Barabarani hali ni hii. Ndani ya jiji, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, Radio Free Africa, TBC Taifa na redio ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino iliyoko Malimbe zinasikika safi. Nikielekea Usagara na kuvuka Daraja la John Pombe Magufuli, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na kumaliza enzi ya kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi, mapokezi ni mazuri sana, kwa sababu juu ya maji hakuna kinachoziba. Upande wa mashariki, redio inaanza kuhangaika nikiwa nimeipita Magu na kukaribia Lamadi, ambapo vituo vya upande wa Mara huanza kuingia juu ya vile vya Mwanza. Nimezima kipengele cha AF kinachotafuta masafa mbadala ya kituo kile kile. Kipengele hicho husaidia pale tu kituo kinaporusha data inayohitajika. Pasipo na data hiyo, redio hukatakata sauti kwa kutafuta kisichokuwapo.

Pale FM inapokwisha ndipo simu inapochukua nafasi ambayo muuzaji alidai ingechukuliwa na setilaiti. Naunganisha simu kwa Bluetooth au kwa waya wa USB, nafungua matangazo ya kituo kupitia intaneti, na nasikiliza taarifa ya habari ya Mwanza nikiwa Geita. Watu huogopa gharama ya bando, kwa hiyo tufanye hesabu: matangazo yanayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, na yale ya kilobiti 128 hutumia karibu 58. Kwa safari ya saa mbili au tatu, huo si mzigo wa kumshinda mtu mwenye bando la kawaida. Kasoro yake ni kwamba intaneti nayo ina mashimo yake barabarani, na ikikatika sauti hukoma kabisa badala ya kufifia taratibu kama FM ifanyavyo. Kwa hiyo nimeweka pia hotuba, muziki na mawaidha kwenye flashi ndogo, na redio huisoma bila shida.

Kwa nini nijisumbue hivi kwa ajili ya redio ya pikapu? Kwa sababu gari hili ni ofisi yangu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ziwani huniambia kama dagaa wa kesho watafika Mwaloni Kirumba au la, maana mitumbwi isipotoka, safari yangu haina mzigo. Tangazo la barabara iliyokatika kwa mvua huniokolea mafuta. Na kijana ninayesafiri naye, ambaye ni mpenzi mkubwa wa kandanda, huwa macho na mchangamfu njia nzima mechi inapotangazwa, jambo ambalo kwa usalama wa wote wawili lina maana.

Vitufe vya usukani vinafanya kazi. Kwenye toleo la gari langu kila kitufe hutuma kiwango tofauti cha ukinzani kupitia nyaya zile zile, na redio hufundishwa kimoja kimoja: unabonyeza kitufe, unachagua kazi yake kwenye skrini, unahifadhi. Sauti, kubadilisha kituo na kupokea simu, vyote vinapatikana bila kuondoa mkono kwenye usukani. Kamera ya nyuma, niliyoongeza kwa ushauri wa fundi, huwaka nikiweka gia ya kurudi nyuma, na ninapoingiza gari katikati ya wachuuzi na mikokoteni pale Mwaloni siwezi tena kufikiria kuishi bila hiyo.

Malalamiko yangu ya kwanza ni muda wa kuwaka. Gari likiwa limelala usiku kucha, redio huchukua sehemu kubwa ya dakika moja kabla ya kutoa sauti, na katika muda huo kamera ya nyuma nayo huchelewa. Redio ya zamani ilisema papo hapo ufunguo ulipozungushwa. Ukitembea mjini na kuzima kwa muda mfupi huamka haraka, kwa kuwa huwa imelala tu, lakini ile ya asubuhi inaudhi. Nashauri mnunuzi asichukue yenye kumbukumbu ndogo ya gigabaiti 1 au 2 kwa sababu ya nafuu ya bei; yangu ina 4 na bado nimeeleza ilivyo.

La pili ni kipaza sauti cha ndani. Watu niliowapigia simu walilalamika kwamba sauti yangu inatoka kama niko ndani ya pipa, hasa dirisha likiwa wazi. Nilirudi karakanani, fundi akachomeka kipaza sauti cha nje na kukipandisha kwenye nguzo ya kioo karibu na kivuli cha jua, huku waya wake ukipita ndani ya mpira wa mlango. Hali imekuwa njema, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza, kwa kuwa kifaa kilikuwamo ndani ya boksi tangu mwanzo na nilikuta mfuko wake haujafunguliwa. Nimemweleza hivyo uso kwa uso na hakubisha, wala hakunitoza chochote.

Sauti yenyewe naiona ya kutosha. Spika ni zile zile za kiwandani, na kikuza sauti kilichomo ndani ya redio si cha nguvu kubwa kama boksi linavyodai. Ukipandisha kupita theluthi mbili inaanza kupasuka. Kwa mtu anayetaka muziki wa kutikisa kioo, atahitaji kikuza sauti cha pembeni, na hilo ni jambo jingine lenye bajeti nyingine.

Kwa redio, fremu, nyaya zake na kiunganishi cha antena nililipa shilingi 450,000, na kazi ya ufundi ilikuwa shilingi 50,000. Kamera ililipiwa peke yake. Redio ile ya Tacoma ilikuwa inauzwa 700,000 bila fremu na bila nyaya. Karakana ilinipa risiti yenye namba ya kifaa na dhamana ya miezi sita kwa redio, na kwa maneno ya fundi mwenyewe kazi ya nyaya ataiangalia wakati wowote. Niliomba hilo la nyaya nalo liandikwe kwenye risiti, akaliandika na kugonga mhuri. Atakayekwenda kufunga ya kwake aombe mambo mawili kabla dashibodi haijafungwa: aonyeshwe waya wa buluu umeunganishwa wapi, na apewe redio yake ya zamani pamoja na skrubu zake zote ndani ya mfuko.